Ukungu wa Vidunda

Shangazi, shikamoo.

Kwa heshima zote natangaza kwamba soksi zangu za mwisho zimelowa, na huku milimani Vidunda hakikauki kitu. Ukiota moto wako, uniotee na mimi.

Leo nimewapeleka watafiti wa magonjwa ya migomba kwa Bibi Skola, anayeishi kwa ndizi tu. Majani yamekuwa ya njano, yamening'inia shinani kama sketi kuukuu. Neema, mmoja wao, alipasua mgomba mmoja, akatazama michirizi myekundu ndani, akasema kwa upole, "Bibi, huu ni ukungu."

"Hata redio ilisema hivyo," bibi akajibu, akionyesha mlima ulivyomezwa na weupe. "Si huu hapa? Kila asubuhi unatulalia."

"Siyo huo, bibi. Ni kuvu, inakaa udongoni. Inasafiri hata ndani ya chipukizi linaloonekana zima."

Bibi akakaa kwenye jiwe. "Mjukuu wangu, si mngesema kuvu? Mimi nimeukimbia ukungu. Machipukizi yangu mazuri yote nimempelekea binti yangu Chanzuru, kule tambarare, jua tupu."

Neema alimpigia binti simu pale pale. Mimi dereva nilijifanya nakagua matairi.

Nakuombea mgongo usikuume, shangazi, na kuku watage.

Binti anashukuru sana. Machipukizi yameshika vizuri, na majirani zake wote wameshagawiwa.

Mwanao, Hamisi