Sifuri za Igoki

Jumatatu, 9 Juni 2025
Cucu amefika kutoka Kiambere! Kuku mmoja, gunia dogo la ndengu, na malalamiko kuhusu baridi ya Embu. Igoki, binti yangu, amemrukia nyanya yake. Amepewa jina la huyu mama mkwe wangu, basi wanaitana "wajina" — mmoja miaka tisa, mwingine sabini na tatu. Kila jioni wao huongea kwa simu yangu, mlango umefungwa. Mimi ni nani? Mama tu.

Kuna kopo la ndengu kidogo ambalo cucu amekataza tusiguse. Sawa!

Nimejaza fomu ya Igoki ya kliniki ya selimundu, ugonjwa wake wa damu. Maumivu leo, Igoki amesema: sifuri. Wiki ya tisa! Nimeimba jikoni kama kichaa.

Ijumaa, 13 Juni
Kliniki, sisi watatu. Dkt. Riungu alimweleza cucu: takwimu za watoto wa hospitali nyingi zinawekwa pamoja, majina yametolewa, ili ijulikane dawa kiasi gani inafaa nani.

Cucu akawaka. Jina litolewe na ni lake! Eti mjukuu apewe namba, kwani ni mbuzi wa mnada?

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema watoto wa uzito wa Igoki, wenye damu kama yake, wanafanya vizuri wakiongezewa dawa. Lakini yeye haumwi, basi ibaki ilivyo. Akakuna kichwa — damu si nzuri, maumivu hakuna. Ajabu. Mimi nikajivuna!

Tulipofika nyumbani, cucu akaenda moja kwa moja kwenye kopo lake. 

Jumamosi, 14 Juni
Sijui nianzie wapi.

Cucu amemwaga lile kopo mezani. Ndengu ishirini na sita. Kila moja ni siku ambayo Igoki alimwambia kwa simu kwamba miguu inamuuma. Tangu Pasaka!

Nilifoka. Kwa nini mnifiche? Cucu akasema siri ya wajina haitolewi, lakini jana aliposikia dawa ibaki vile vile, alishindwa kulala.

Igoki alikuwa mlangoni. Akasema polepole, "Mami, ukiandika sifuri unaimba."

Nimelia sana. Mwalimu wa hesabu mimi! Na sifuri zangu ziko kwenye zile takwimu, pamoja na za wenzake Igoki. Kuna mtoto wa mtu mwingine anapimiwa dawa kwa wimbo wangu.

Jumapili, 15 Juni
Nimempigia daktari baada ya ibada. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Kesho twende na cucu na kopo. Ataomba takwimu zetu zirekebishwe, na dozi iangaliwe upya. Ila fomu lazima iseme kweli kuanzia leo.

Nampenda huyu cucu. Nilimwambia. Akasema niongeze chumvi kwenye mchuzi.

Sasa tuko kwenye kiti kirefu, Igoki katikati, miguu yake kwenye mapaja ya cucu, inasuguliwa kwa mafuta ya moto. Fomu iko gotini pangu. Nimemwambia aonyeshe kwa vidole, sifuri mpaka kumi, na nitaimba hata ikiwa ngapi. Ameniangalia usoni kwanza, kisha cucu. Cucu anatazama dirisha, makusudi kabisa.

Kidole kimoja. Viwili. Naimba. Vitatu — bado naimba — vinne — cucu ameanza kuitikia — vitano —