Mlango Niliouchomelea Mwenyewe

Karakana ya Chuma,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na presha, bado inapanda ngazi kukushinda? Mimi mzima, tumbo tu ndilo limeamua kunitangulia kila niendako. Kazi zipo. Mji huu ukiona geti limenyooka, usiulize fundi ni nani.

Leo lakini naandika kichwa kikiwa chini. Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza zilijaa kujisifu, nikazichana.

Unaukumbuka mlango wa grili niliompa binti yako siku ya harusi? Niliutangazia ukumbi mzima: nondo zimebanana, hata paka hapiti! Mwaka jana mkwe wetu akaniita nihamishie komeo nje. Eti wezi. Sikuuliza ni wezi gani hao. Alinisifia, na sifa ndiyo pombe yangu. Nikiwa nachomelea, binti akaniuliza polepole, "Mjomba, na mimi nitafungulia wapi?" Nikamjibu, "Malkia hafungui mlango, hufunguliwa!" Mumewe akacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kumshinda.

Mwezi uliopita nilipita kwao mchana bila taarifa. Kufuli nje, binti ndani. Kumbe ndivyo anavyoachwa kila mumewe akienda kazini. Akanichemshia chai kama mgeni, akaja kunipitishia kikombe kati ya nondo. Hakikupita. Akajaribu juu, akajaribu chini. Akasema, "Mjomba, kazi yako safi. Hata kikombe hakipiti." Akacheka, halafu kicheko kikamshinda.

Na unajua nilimwambia nini, mimi niliyezunguka nchi tatu, mshauri wa kila ndoa mtaani? "Vumilia, mama." Nikaondoka. Wiki mbili nzima chai haikunishuka.

Jumamosi nikarudi na grenda. Nilimwuliza kwanza kama anataka. "Kata, mjomba." Nikakata komeo langu mwenyewe, cheche zikaruka hadi barabarani. Mkwe akatokea anafoka kwamba namharibia nyumba. Nikamwambia, "Kazi yangu ilikuwa na kasoro, mkwe. Nimekuja kuirekebisha."

Sasa binti yuko kwangu, na wifi yako anamlisha kama anataka kumuuza kwa kilo. Alhamisi anapanda basi kuja kwako. Anaogopa, dada. Anasema alipokulilia kwenye simu ulimwambia kila ndoa ina mambo yake. Sikulaumu, wewe uliisikia sauti tu, mimi niliuona uso. Nakuomba usimrudishe, hata mkwe akija na wazee na maneno matamu. Watakaosema, waelekeze kwangu. Mwili huu mkubwa, aibu itapata pa kukaa.

Msalimie shemeji, akitaka kunigombeza apange foleni, mimi mwenyewe nimeshika nafasi ya kwanza. Msalimie mdogo wetu mwalimu na watoto wote wa mama mkubwa. Mungu awalaze salama na awaamshe na furaha.

Nilitaka kusahau. Kuna kitu binti anaona haya kukuomba, nakuombea mimi: mchongee ufunguo wake wa nyumba yako. Akifika mlangoni, usimkimbilie kumfungulia. Mpe, afungue mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye, asiye na cha kujisifia leo,

Fundi Cheche