Nyama Niliyokatazwa Kuonja Mjini Wote

Dada Kalekye, salamu kutoka mjini Wote, lakini moyo bado unaruka! Binti yangu Mwende, unajua vile amesoma, alininunulia nyama ya mbuzi hotelini kwa kadi ya benki. Mashine ikakata pesa mara mbili, na mwenye hoteli akakataa kurudisha. Nikamwambia, "Basi lete sahani ingine, si tumelipa!" Akaileta mbio, anacheka. Mwende akanishika mkono: "Mwaitu, mama yangu, usionje! Ukikula, benki itasema tulinunua mbili." Akawapigia watu wa benki palepale, Kiingereza cha kupitia pua, wakakubali kufuatilia pesa yake. Nyama ikarudi jikoni nikiiangalia, dada! Mungu awatunze nyote. Nichemshie muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, huo hakuna benki itanikataza.