Mjomba Kala, Mimi Sijala

Jumamosi, Machi 1996. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa tisa mchana. Matope mpaka mlangoni.

Nina hasira. Naandika nikiwa kitandani kwa Shangazi Vero, hapa Mpanda mjini, na kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuzungumza mambo yangu na Gaudensi. Kawaida wao ndio wangekuja kwetu Mwese, lakini mvua imekata barabara ya mlimani, gari halipandi. Basi Mzee Romani, baba mkubwa wa Gaudensi, akatuma ujumbe tukutane mjini, tena atatuandalia mahali pa heshima. Mahali penyewe ni kwa Mchina, ile hoteli ya nyuma ya soko.

Mchina mwenyewe hayupo, wala hajawahi kuwepo. Mwenye hoteli ni Mzee Teofili, Mfipa, aliyewapikia Wachina walipokuwa wanajenga reli ya kwenda Zambia. Kwao akajifunza kutengeneza vimfuko vya unga wa ngano vyenye nyama na kabichi ndani, vinavyopikwa kwa mvuke. Watu hapa wanaviita sambusa za mvuke. Unachovya kwenye siki na pilipili, unatia mdomoni kizima kizima.

Sasa, kwetu kuna jambo ambalo hata mtoto analijua. Mkikaa na watu kuzungumza posa, hamgusi chakula chao mpaka neno la mwisho liwe limesemwa. Ukila, umekubali. Huna tena la kuongeza.

Na mimi nilikuwa na neno! Nina barua ya chuo cha ualimu. Jumanne natakiwa kupanda treni kwenda Tabora, nikasome miaka miwili. Neno langu lilikuwa fupi tu: nimalize chuo kwanza, ndoa baadaye. Binti hajisemei, anasemewa, kwa hiyo nilimkabidhi Mjomba Deusi, kaka yake mama. Tulipokuwa tunashuka mlima kwa miguu kutafuta lori, nilimrudia neno hilo mpaka akanikaripia, "Mama, nimesikia! Mimi ni mtoto?"

Gaudensi naye alilijua. Tumeandikiana barua mwaka mzima kuhusu jambo hilo, na alikubali.

Wanaume walikaa meza ya dirishani. Mimi na Shangazi tukawekwa meza ya pembeni, macho ukutani. Tukaletewa sahani yetu, inafuka moshi, harufu ya tangawizi na kitunguu imejaa chumba kizima. Tangu jana nilikuwa sijatia kitu cha maana tumboni. Sikugusa. Shangazi naye hakugusa. Nikageuka kidogo nimwangalie Mjomba.

Mdomo umejaa.

Nilidhani naota. Anachovya, anatia, anachovya, anatia, mafuta yanashuka kidevuni, huku anamsifia mpishi. Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu, Shangazi akanikanyaga mguu. Mzee Romani alikuwa anaona kila kitu, na hilo linaniuma mno. Alimwacha amalize. Sahani ya kwanza ilipokwisha, akamsogezea ya pili kwa mkono wake mwenyewe, anatabasamu. Kisha akajifuta mikono taratibu, akasema, "Haya, wakwe zetu wamekula. Tumshukuru Mungu. Harusi baada ya mavuno."

Mjomba akashtuka. "Nani kala? Sisi hatujala bado. Ugali uko wapi?"

Na alikuwa anamaanisha! Kwa Mjomba Deusi, kisicho ugali si chakula. Muhogo wa kuchemsha ni kupoza njaa. Mkate ni kutafuna tu. Na zile sambusa aliona ni kitu cha kushikia mdomo wakati ugali unasongwa jikoni. Alikuwa amekaa pale anasubiri ugali uletwe, aukatae kwa heshima zote, ndipo atoe neno langu. Jamani!

Wakabishana. Watu wazima, wenye mvi, wanabishana kama unga wa ngano ni chakula au siyo. Mwisho wakamwita Mzee Teofili mwenyewe aamue. Nilijipa moyo kidogo, nikadhani ataona namna nilivyokaa. Wapi! Alitoka jikoni na mwiko mkononi, amekasirika kuliko mimi. "Wachina walikula hiki wakapasua milima! Leo nyie mnaniambia siyo chakula?" Basi, ikawa imeisha. Majivuno ya mpishi ndiyo yakanimaliza.

Nikamtazama Gaudensi. Yeye peke yake ndiye angeweza kusema, "Baba mkubwa, sisi tulishakubaliana, aende chuo kwanza." Sentensi moja tu. Aliniona namtazama. Akachukua sambusa, akaitia mdomoni.

Ili asiseme.

Hasira yangu ikahama palepale kutoka kwa Mjomba. Mjomba amekosea kwa sababu hajui. Huyu anajua.

Nikanyanyuka. Shangazi akanivuta kanga, nikajinasua. Nikabeba sahani yetu, imejaa vilevile ilivyoletwa, nikaenda kuiweka mbele ya Mzee Romani. Sikupiga goti. Nikamwambia, "Baba, samahani. Aliyekula ni Mjomba, basi mumuoe Mjomba. Mimi sijala."

Mtu mmoja meza ya nyuma aliangua kicheko. Mzee Romani akasema ukoo wao haujawahi kuingiza binti wa namna hii. Gaudensi bado anatafuna. Nikatoka nje, mvua ikinyesha, bila hata kuaga.

Sijutii, lakini naogopa. Mama akisikia atalia, na Mwese nzima nitaitwa binti asiye na adabu, aliyejisemea mbele ya wakwe. Na Gaudensi nampenda. Hilo nalo niliandike, maana humu sina wa kumdanganya.

Mjomba alinifuata hadi hapa kwa Shangazi, akasimama mlangoni, kofia mkononi, suruali imelowa magotini. Msamaha hakuomba, wajomba hawaombi. Alisema tu, "Hujala, basi. Hakuna wa kukulazimisha. Jumanne sanduku nitalibeba mimi." Halafu akamuuliza Shangazi kama kuna ugali. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Gaudensi hajaja. Nyumba hii anaijua, ni mwendo wa dakika kumi, na mvua imekatika zamani.

Nimwandikie barua? Nimechukua karatasi, nimeandika "Mpenzi", nikaichana. Mwaka mzima nimeandika, na yeye ameandika, na yote aliyoandika, leo ameyameza mbele yangu. Jumanne treni inaondoka na mimi nimo. Kabla ya hapo ni zamu yake kufungua mdomo, na safari hii isiwe kwa kula.