Simu Aliyonifungulia Najim

Jumatatu, 12 Mei 2025

Najim, mkono wako ukauke! Tena ukaukie hewani, watu wauone. Siwema mjukuu wangu kaingia magharibi, jicho limefunga, mkono umevimba. Nimemkanda. Nimemgombeza pia — mwaka mzima unapigwa na mumeo, unaniambia umegonga kabati? Kabati lina ngumi?

Nimempiga picha za jicho na mkono, polisi watataka ushahidi. Kwa simu ile ile aliyoniletea Najim siku ya harusi yao, zawadi ya bibi. Kaifungua mwenyewe, kaingiza mambo yake, kanikabidhi. Haya mke mkubwa, akanitania, wewe piga picha tu. Nikatamba mtaa mzima. Mume wangu kanijali! Loo.

Jumanne, 13 Mei

Dawati la jinsia. Askari mama kaziona picha, kasema zitunze. Kutoka hapo nimempeleka Siwema kijijini Maji ya Chai kwa Elihuruma, Mmeru niliyeuza naye ndizi sokoni. Najim hamjui. Siwema kakaa kizingitini anamenya ndizi, khanga ya kijani, mlango wa bluu nyuma yake. Kacheka kidogo! Nikampiga picha. Ya kwangu tu. Sijamtumia mtu.

Alhamisi, 15 Mei

Najim kapiga.

— Shikamoo mke mkubwa.

Marahaba, nikasema. Kavu.

— Mke mdogo kajua kumenya ndizi siku hizi. Ule mlango wa bluu wa nani?

Nimekata simu. Kaona wapi?

Nikampigia Elihuruma, nikamrukia. Umemuuza mtoto? Kasema polepole, Rukaiya, mimi nalala mlangoni na panga kwa ajili ya huyu mtoto wako. Nimeona aibu. Radhi sijamwomba. Haikutoka.

Ijumaa, 16 Mei

Zakia wa jirani, yule wa duka la steshenari, kaishika simu yangu baada ya swala. Kaibonyeza, kaibonyeza, kanigeuzia kioo nione.

— Bibi, simu hii imefunguliwa kwa akaunti ya Najim. Kila ukipiga picha inakwenda kwenye ghala lake huko mtandaoni. Anaitazama akiwa kwake. Na mahali ulipopigia panaonekana, walau jina la kijiji.

Ghala gani? Nani kampa ufunguo?

— Wewe, bibi. Siku ulipoipokea.

Nusura nimzabe kibao. Lakini ndivyo.

Tangu harusi! Na wari wangu je? Mimi ni kungwi. Mabinti wa watu nimewafunda chumbani kwangu, nikawapiga picha na khanga moja kifuani, mama zao wakiniamini. Siri zao hazijawahi kunitoka mdomoni. Zimenitoka mkononi. Wote wamo humo, na yule anawatazama.

Tumetafuta picha za jicho na mkono. Hazipo! Kazifuta huko huko aliko.

Nilitaka kuitumbukiza simu chooni. Zakia kanishika mkono — usiizime bibi, anaona ilipo. Ikizimika atajua tumejua.

Nimeifunika na sufuria. Najua ni ujinga. Siwezi kukaa nayo chumba kimoja ikiwa wazi.

Jumamosi, 17 Mei

Elihuruma kapiga kwenye simu ya Zakia. Gari jeupe limepita, limerudi, linakwenda polepole, linatazama milango. Gari la Najim! Kijiji kakijua, nyumba bado. Elihuruma kauziba mlango wa bluu kwa mkeka. Siwema yuko uvunguni. Askari mama nimemwambia, anasema anatafuta gari la kuwapeleka askari huko. Atafute! Mimi sisubiri.

Sasa hivi ujumbe umeingia kwenye hii simu ya laana. Mke mkubwa, naona upo nyumbani. Tulia hapo hapo.

Sawa mume wangu. Nitatulia.

Zakia! Simu iweke juu ya mto wangu, kwenye chaja, iwake. Akiandika, mjibu bibi kalala. Usiisogeze hata kidogo. Nipe baibui langu, nipite uchochoroni. Na mpigie Elihuruma kwa simu yako — mkeka usiondolewe kwa hodi ya mtu yeyote, mpaka asikie sauti yangu nje ikimwomba radhi.