Njeru Amekatazwa Kuota Jua

Njiru, mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni. Mlango nimeufunga kwa komeo na paka wako Njeru anakwaruza mbao akitaka kutoka. Asubuhi yote ilikuwa ukungu na baridi, ile baridi ya mwezi wa saba unayoijua, halafu sasa hivi wingu limefunguka na jua limejaa uani. Paka amelijua kabla yangu. Namwambia atulie, hanisikii. Nikikaa bure nitainuka nimfungulie, kwa hiyo afadhali mkono wangu uwe na kazi.

Tangu tukuzike sijakuandikia. Nilijaribu ile wiki ya kwanza nikashindwa kulipita jina lako. Lakini sasa kuna jambo linalonisumbua, na sioni mwingine wa kumweleza ambaye hataniuliza, mwalimu mzima, unahangaika hivi kwa ajili ya paka?

Mashine yako ya kusaga tumeifunga. Mama hakutaka mkono mwingine uiguse, nasi hatukumlazimisha. Watu wa hapa Kanja wanapeleka mahindi yao Runyenjes kwa boda boda, na kila anayepita na gunia hutazama ule mlango wa mabati, kisha hututazama sisi. Mlango ulipofungwa, Njeru alipoteza nyumba yake.

Miaka yote alilala ndani, juu ya magunia, akiwinda panya. Jua halikumfikia, kama ambavyo halikukufikia wewe ulipokuwa kazini. Namkumbuka yule mteja mgeni kutoka Mombasa, mke wa mwalimu mwenzangu, aliyekuuliza kwa nini paka ana jina la mtu. Ukamweleza kwamba kwetu njiru ni mweusi na njeru ni mweupe, kwamba wewe ulipewa jina la babu kabla hawajakutazama vizuri, na kwamba mkiwekwa pamoja, hesabu inatoka sawa. "Mungu alichanganya vitambulisho," ukasema, nyusi zako zimejaa unga. Yule mama hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Na mpaka leo nikimwita paka kwa sauti, jirani yetu Mzee Njeru huitika kutoka kwenye migomba yake, halafu anakumbuka, ananyamaza.

Basi Njeru alitafuta mahali pengine pa kulala. Akapata juu yako.

Ile simiti ya kaburi hushika joto, na pale shambani hakuna mti wowote karibu. Kila mchana alijilaza pale katikati, tumbo juu, masikio wazi. Mama alipomwona mara ya kwanza alilia, halafu akawaita akina mama wa kanisa waje waone. Wakasimama pale wakitikisa vichwa. Nilipotaka kumwondoa Mama alinishika mkono. "Mwache," akasema, "anamlilia mwenzake." Mimi niliona paka anayetafuta joto. Lakini nilimwacha. Hilo ndilo jambo pekee lililokuwa likimfariji siku zile.

Halafu masikio yakaanza.

Kwanza yalikuwa mekundu tu pembeni. Nikajiambia amepigana na paka wengine. Baada ya muda ncha zikatoka magamba, manyoya yakapungua, na ukingo wa sikio la kushoto ukaanza kujikunja. Kisha kikatokea kigaga. Kikaanguka, kikarudi palepale. Njiru, nilisimama pale kaburini nikiwa nimemshika paka. Ngozi ya namna hiyo nilikuwa nimeshaiona. Kigaga chako ulikificha chini ya kola ya shati mpaka msimu wa mahindi ukaisha, na tulipokiona, daktari alizungumza nasi akitazama karatasi zake.

Siku iliyofuata nikiwa darasani sikuweza kufundisha. Nilikuwa natazama dirishani. Wingu likifunika mlima napumua, likisogea nachanganyikiwa. Nikawapa watoto kazi ya kusoma kimyakimya, wakanishangaa. Wakati wa chakula cha mchana nikakimbia nyumbani, na hapo nikakuta jambo jingine.

Mama alikuwa ameona kigaga pia. Hakuwa ameniambia. Alikuwa ameingia chumbani kwako, akachukua chupa ya losheni yako ya jua, ile uliyokuwa ukipewa kliniki, akampaka Njeru masikio yote mawili na pua. Alikuwa amekaa naye mapajani, ametulia, kama mtu aliyepata dawa hatimaye. Nami nilifurahi, ukweli usemwe. Nikafikiri, kumbe jambo lilikuwa rahisi hivi.

Jioni nilipitia kwa daktari wa mifugo Runyenjes ili tu kuhakikisha. Ni mwanamke kijana, Daktari Kagendo, mtu wa upande wa Laare, kule kwa Wameru. Siku nyingi anashinda kwa ng'ombe wa watu. Nilimweleza kuhusu masikio, akaitikia kwa kichwa taratibu. Nilipofika kwenye losheni akaweka kalamu chini. Akaniuliza ilikuwa losheni gani na kama paka amejilamba. Njiru, paka hufanya nini kutwa? Si kujilamba? Akasema losheni nyingi za watu zina madini ya zinki na vitu vingine ambavyo kwa paka ni sumu. Niende nyumbani nimwoshe kwa maji ya uvuguvugu, nimtazame kama atatapika, kama atakataa chakula.

Sijui boda boda ilinifikishaje. Tulimwosha ndani ya beseni, Mama akimshika na mimi nikimsugua, na mikono yetu ilichanika kwa makucha. Mama alikuwa akirudia tu jina, Njeru, Njeru, na mara moja akakosea akasema Njiru, na wote wawili tukaendelea kumwosha kana kwamba hatukusikia.

Njeru alitapika, halafu akalala chini ya kiti chako na maziwa hakuyagusa. Nilijilaza sakafuni karibu naye nikimsikiliza anavyopumua. Kulipokucha akatoka, akalamba ugali ulioganda kwenye sufuria. Mama akaimba. Hakuwa ameimba tangu mazishi.

Lakini kigaga kilikuwa palepale.

Jumamosi Daktari Kagendo alikuja nyumbani. Alizungumza na Mama kwa Kimeru, Mama akajibu kwa Kiembu, walipokwama wakaniangalia mimi. Alimwinua paka kuelekea dirishani akatazama masikio, kope, na pua. Akasema paka weupe huungua kama watu wenye ualbino, kama wewe, tena huku kwetu juu milimani jua ni kali kuliko tunavyohisi, maana baridi hutudanganya. Nikamwambia siku nyingi kuna mawingu. "Mawingu si kivuli," akasema. Afungiwe ndani kuanzia wakati wa chai ya asubuhi shuleni mpaka watoto watakaporudi nyumbani. Dirishani pia pawekwe pazia. Apewe mahali pa joto penye giza ili asililie jua. Losheni iwe ya paka tu, naye angetuagizia Nairobi. Haya yote Mama aliyapokea vizuri.

Halafu daktari akasema ncha za masikio inafaa zikatwe, hasa la kushoto, kabla ugonjwa haujashuka chini.

Mama akainuka. Akamshukuru kwa adabu, akampa parachichi za kubeba, akamsindikiza mpaka langoni. Aliporudi akaniambia, "Nimesikia neno kukatwa mara za kutosha katika nyumba hii." Nilijaribu kumweleza kwamba hii ni tofauti, ni mapema, ni sikio tu. Alikuwa amenipa mgongo akichambua maharagwe. Akasema wewe pia uliambiwa ni kidogo. Akasema ulipokatwa mara ya kwanza ulirudi ukitembea, mara ya pili ulirudi ukishikiliwa. Mara ya tatu hakuitaja.

Nilijua anaogopa nini. Hakuogopa paka kukatwa. Aliogopa kumkabidhi mtu aliyevaa glavu kiumbe kingine kinachopumua, kisha akae kwenye benchi. Nami nilikuwa naogopa kungoja. Tukaishi hivyo, hofu yake upande huu na yangu upande ule, na paka katikati. Nilimfungia asubuhi nikienda shuleni. Mama hakumfungulia, hilo nakiri, alishika masharti yote. Aliweka gunia jeusi dirishani, akamtandikia sweta yako ya kijani ndani ya katoni karibu na jiko. Lakini la kukatwa hatukulitaja. Kila asubuhi nilitazama lile sikio na kila asubuhi niliona limekuwa baya zaidi, au nilidhani hivyo. Nilianza kuota ndoto mbaya nikiwa macho.

Wiki tatu zilizopita nilirudi mchana nikakuta mlango wa jikoni uko wazi.

Katoni tupu. Sweta tupu. Mama hayupo. Nilikimbilia kaburini kwako kwanza, na jua lilikuwa limetoka kweli kweli, simiti inaunguza, hakuna paka. Nikaita. Mzee Njeru akaitika, safari hii akaja mpaka kwenye ua. Akaniambia amemwona Mama akipanda boda boda akiwa amevaa nguo za kanisani, kiondo kikubwa amekikumbatia kifuani, na kiondo kilikuwa kinalia.

Nilimkuta Runyenjes, kwenye benchi, nje ya chumba cha Daktari Kagendo. Kiondo kitupu kilikuwa miguuni pake. Nilikaa karibu naye. Kwenye ncha ya leso yake kulikuwa na damu. Asubuhi ile Njeru alijikuna sikio mpaka damu ikaruka kwenye kitambaa cheupe cha kiti chako, kile Mama alichokifuma mwenyewe. Ndipo Mama akavaa, akaondoka naye.

"Hili nimeshaliona, Wawira," akasema. "Safari hii sikungoja niambiwe na mtu."

Nikamshika mkono. Tulisikia vyuma vikigongana ndani ya sahani. Tulisikia bomba la maji. Mama aliniuliza kama paka hupewa usingizi wa sindano kama wa watu, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama wote huamka. Nikamwombea yeye na paka kwa pamoja, maneno yakichanganyikana.

Mlango ulipofunguliwa Daktari Kagendo alikuwa na damu kidogo kwenye mkono wa koti. Akatuita ndani. Njeru alikuwa amelala kwenye meza, kichwa kimefungwa bendeji, ulimi umetoka nje pembeni. Mama akaweka kiganja juu ya mbavu zake na kukiacha pale. Tulisimama hivyo. Halafu mkia ukasogea, ncha tu. Mama akasema, kwa Kiembu, taratibu sana, "Huyu amerudi."

Sasa bendeji imetolewa. Masikio ni mafupi na ya mviringo, anafanana na simba mchanga, na akina mama wa kanisa wanakuja tena kumtazama. Kipande cha sikio kilipelekwa kupimwa. Jibu lilikuja jana: saratani ilikuwa imeanza, lakini pembeni palipokatwa pako safi. Daktari alinisomea hivyo kwenye simu na nilimwomba arudie neno safi. Nilipomweleza Mama alienda shambani akalima mpaka giza.

Ningependa kukuambia nimetulia. Sijatulia. Kuna alama ndogo juu ya pua, ya waridi, na sijui kama ilikuwapo zamani. Daktari ameiona, anasema tuitazame. Hilo neno tu, tuitazame, linatosha kuninyima usingizi. Ile losheni ya paka imefika. Nampaka puani nikimshika mpaka ikauke asiilambe, naye ananichukia kwa macho yote mawili.

Jioni, jua likishaangukia upande wa pili wa kilima, tunamfungulia. Anatoka mbio, anapitia kwenye kahawa, anakuja kwako. Simiti bado ina joto saa hizo. Mama humfuata polepole na kikombe chake cha chai. Sijamwambia tena habari ya paka kutafuta joto, na yeye hajaniambia tena habari ya kilio.

Ameacha kukwaruza sasa. Wingu limefunika. Nimemchungulia, amejikunja ndani ya katoni na ananiangalia kana kwamba mimi ndiye ninayeamrisha mawingu.

Mdogo wangu, nakuaga hapa, kengele ya shule itapigwa bila mimi. Ninayokuahidi ni machache, ili niweze kuyatimiza. Kila asubuhi kabla ya chai nitamwinua kwenye mwanga na kuitazama ile pua. Nikiona imebadilika, siku hiyohiyo tutaondoka, hata kama ni siku ya mtihani, hata kama kunanyesha. Sitamficha Mama nitakachokiona, naye ameniahidi hatanificha. Na tukirudi kukaa kwenye lile benchi, tutakaa wawili.

Lala, Njiru. Sisi tuko macho.

Dada yako,
Wawira