Dikoda Iliyopewa Jina Langu

Kianyaga,
9 Machi 2025

Baba,

Jumuiya nzima imenisikia nikiongea hali nimenyamaza. Wacha nikwambie kabla ya salamu, maana nikianza na salamu itapoa. Nilikuwa nimekaa kwa kiti changu, mdomo umefungwa, kikombe cha chai mkononi, na sauti yangu ikawa inatoka kwa simu ya jirani yetu Tabby ikisimulia vile fisi alienda kuposa. Tabby akaangalia simu, akaniangalia mimi, akauliza kama nimekufa.

Sasa salamu. Habari ya Kenol? Mwende hajambo? Kile kifua kilipona? Huku sisi ni wazima, ng'ombe ni wazima, na baba yako analalamikia goti na serikali, kwa hivyo naye ni mzima.

Niliwaeleza wanajumuiya vile ulikuja Januari ukaitoa ile dikoda iliyokuwa imekufa chini ya televisheni, baba yako akiitumia kuwekea miwani. Ukaifuta yote iliyokuwa inajua, ukaitia elimu nyingine inaitwa Linux, ukaichomeka flashi na waya wa mtandao. Sasa haionyeshi mpira tena. Inakesha tu ikituwekea vitu: picha za harusi yenu, nyimbo za kwaya, sauti yangu, na hizi barua. Mimi naandika kwa simu, barua inalala hapa nyumbani, na wewe unaisoma ukiwa huko dukani kwako. Dedan, yule katekista, anasema hata makampuni makubwa huweka mambo yao kwa mashine za namna hiyo, ila zao ni kubwa kama friji. Nikamwambia yangu inaingia kwa mfuko wa aproni, na tena zao hazikutengenezwa na mtoto wangu. Sijisifu. Nasema tu.

Nikawaambia niko na vijana wawili. Theuri nilimpa Mungu, ni padri huko Maralal anabatiza watoto wa watu. Na huyu mwingine anafufua dikoda. Tabby akasema, "Na wajukuu je, Mama Theuri?" Nikamwongeza chai ili anyamaze.

Kenol si Ulaya, baba. Njooni hata Pasaka. Sitauliza kitu.

Ni mimi mama yako, ambaye pia ni mtoto wako, kwa kuwa jina unalobeba ni la baba yangu.


Kenol,
30 Machi 2025

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na baba, na kwamba goti limepoa kidogo hata kama serikali haijapoa. Mwende amepona. Anakusalimu na anasema ndizi ulizotuma zilikuwa tamu kuliko za hapa.

Nimefurahi jumuiya ilisikia. Lakini naona mashine inazimika kila mvua ikianza. Najua ni baba anaogopa radi. Mwambie asivute waya ghafla. Bonyezeni kwanza pale nilipowaonyesha, mngoje taa igeuke nyekundu, ndipo mchomoe. Ikikatwa ghafla inaweza kupoteza kitu ilichokuwa inaandika, kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto.

Mama, niko na ombi. Sema hadithi zingine. Zote unazokumbuka. Yule zimwi wa mtoni, yule msichana aliyekataa kuchota maji, na za fisi, hasa za fisi. Na pale penye wimbo, imba. Usione haya.

Pasaka hatutaweza. Duka limejaa televisheni za watu na kila mtu anataka yake kabla ya sikukuu. Usikasirike.

Mwanao,
Munene


Kianyaga,
22 Juni 2025

Munene,

Umeipa mashine jina langu.

Hamjambo. Sisi hatujambo.

Leo baada ya misa Dedan alikuwa anawaonyesha vijana vile mashine inafunguliwa kwa simu, kisha akasoma yale maandishi madogo ya juu ambayo mimi huwa siyasomi. Akacheka, akasema, "Mama Theuri, kumbe mashine ni wewe. Imeandikwa hapa, gathoni." Vijana wakacheka. Nami nikacheka, maana nilikuwa mbele za watu. Nikafika nyumbani nikavua viatu, nikakaa.

Unajua jina langu lilikuwa linangoja nani. Kwetu, jina la mama ya mwanamume hurudi kwa binti wa kwanza wa huyo mwanamume. Theuri alienda kwa Mungu na njia hiyo ikafungwa. Ukabaki wewe. Tangu mfunge ndoa sijawahi kumuuliza Mwende swali hata moja, muulize mwenyewe. Watu wameniuliza mimi, kwa soko, kwa kanisa, hata kwa matanga ya wengine, nami nikawaongeza chai. Nilikuwa nangoja. Sasa mtu akichukua jina linalongoja mtoto akalipa dikoda, si amesema hangoji tena? Jambo kama hilo mama huambiwa akiwa amekaa, na kijana wake amekaa mbele yake. Mimi nimeambiwa na mashine, Dedan akicheka.

Na hadithi zako nilikuwa nimezimaliza. Niliimba hata ule wimbo wa zimwi ambao huwa unanikata pumzi.

Nitaiacha iwake hadi kesho ili usome haya. Halafu nitabonyeza vile ulinifundisha, ningoje taa nyekundu, nichomoe.

Mama Theuri


Kenol,
14 Agosti 2025

Mama,

Pole kwa karatasi. Nimempa Samuel, yule muuza mitumba anayekuja huko siku ya soko, kwa sababu njia yetu nyingine umeizima, na nikipiga simu unampa baba, naye ananiambia habari za ng'ombe mpaka salio linaisha. Natumaini u mzima. Natumaini unakula.

Hukukosea. Mwaka juzi daktari alituita mimi na Mwende, akatuambia tusingoje tena. Tulirudi nyumbani. Mwende alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Sikujua nitakuja kukaa vipi mbele yako niseme hayo, ndipo nikaanza kusema duka limejaa.

Nilipokuwa naitengeneza ile dikoda, ilifika mahali ikaniuliza jina. Kila mashine ya namna hiyo lazima ipewe jina, la sivyo haisongi mbele. Nilikaa nikiiangalia. Baba alikuwa anatafuta miwani yake, wewe ulikuwa jikoni unaimba. Nikaandika jina nililokuwa nalo. Niliona afadhali liitwe na kitu kinachowaka nyumbani kwenu kuliko likose wa kuliitikia. Sikufikiri ungelisoma. Nisamehe kwa namna ulivyolijua.

Lakini kuna lingine sikukwambia, na hili ni zuri. Tuko na mtoto. Tulikuwa tumeomba kwa masista wanaolea watoto Nyeri mjini, tukangoja sana mpaka mimi nikakata tamaa. Mwanzoni mwa Machi wakatuita. Anaitwa Anita. Masista ndio waliompa jina hilo, kwa sababu aliyemwacha langoni hakuacha jina. Ana miaka kama mitatu. Sheria inataka tukae naye kwanza, waje watuangalie, ndipo mahakama iamue kama ni wetu. Ndiyo maana hatukuja Pasaka. Niliogopa kwamba utampenda halafu wamchukue. Na niliogopa kwamba hutampenda.

Hadithi zilikuwa zake, mama. Jioni akishaoga, Mwende anafungua simu, na wewe nyanya yake unakohoa kidogo vile hukohoa kabla ya kuanza. Anita naye anakohoa. Fisi akifika kwa wakwe zake, yeye ndiye anamwambia asiingie. Ulipozima mashine tulimsomea kitabu chenye picha, akakifunga. Akauliza, "Shosho amekasirika?" Mwende akamwambia shosho amelala. Sasa kila jioni anauliza kama umeamka.

Mahakama ni Novemba. Sikuombi jina lako, hilo ni lako na utajua mwenyewe. Naomba tu uwashe.

Mwanao,
Munene


Kenol,
3 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo, wewe na baba. Mashine imewaka mchana huu. Nilikuwa nimeshika televisheni ya mtu, nikaiweka chini.

Nimetafuta barua, hakuna. Lakini kuna hadithi mpya, ile ya tembo aliyekopa viatu, ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia. Mwishoni kuku wanasikika, kisha unasema, "Lala sasa, Anita."

Alilala. Mwende ndiye hakulala, ameirudia hiyo sehemu sijui mara ngapi. Hatukuharakishi kwa lolote. Msalimie baba.

Mwanao,
Munene


Kianyaga,
23 Novemba 2025

Baba,

Ni wetu, na asiyetaka aende akamuulize jaji.

Salamu nyingi kwako, kwa Mwende, na kwa huyo mdogo. Tuko wazima kabisa. Simu yako ya Ijumaa niliisikia vizuri, mpaka pale uliposema mahakama imekubali. Kutoka hapo sauti ikanipotea nikampa baba yako, naye akakwambia huku mvua imenyesha. Haikuwa imenyesha. Huyo alikuwa analia.

Najua umengoja barua hii tangu Agosti. Kuwasha mashine hakukuwa kazi. Mtoto akiuliza kila jioni kama nimeamka, nitaendelea kulala namna gani? Lakini jina ni jambo lingine, na sikutaka kukuandikia maneno matamu kabla moyo haujayafikia. Mimi nilikuwa nataka mtu mwenye mwanya wangu. Nilitaka mtu anayekanyaga upande mmoja kama mimi, apite sokoni na watu waseme, huyo ni Gathoni mtupu. Niliomboleza huyo mtu, baba, na hakuna aliyejua ninaomboleza, kwa sababu hakuwa amezaliwa.

Nilimwambia Tabby, kwa kuwa ni lazima umwambie mtu. Akaweka kikombe chini akasema, "Mtoto mleeni, mpelekeni shule, mpeni kila kitu. Lakini jina la nyumba halipewi mtoto wa langoni." Nami nilikuwa karibu kuitikia. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kukuficha.

Baba yako alikuwa hapo nje ya mlango anakata majani ya ng'ombe. Hakuinua kichwa. Akasema, "Tabby, kwani mbuzi ni wa nini?"

Wewe wa Kenol pengine mambo haya huyajui. Zamani mgeni akitaka kuwa wa ukoo, alichinjiwa mbuzi, ikasemwa amezaliwa na huyo mbuzi. Kutoka siku hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kumwita mgeni. Mimi nilijua hayo, lakini nilikuwa sijui yaliyofuata. Baba yako akasema nyanya ya babu yake alikuwa msichana wa Kimaasai, aliletwa mwaka wa njaa akiwa hajui hata kuomba maji kwa lugha yetu. Akachinjiwa mbuzi, akapewa jina la marehemu mmoja wa nyumba hiyo, akakua, akaolewa na jirani, akazaa. "Kwa tumbo lake ndiko tumetoka sisi," akasema. "Wewe Tabby unakunywa chai kwa boma la huyo msichana kila Jumapili, na sijakuona ukiimwaga."

Kuishi naye miaka yote hii, na hajawahi kuniambia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema sikuwa nimeuliza, na kwamba panga halikati.

Basi moyo ukafika. Haukuruka, ulitembea tu, lakini umefika.

Sasa kazi yako. Toa jina langu kwa mashine. Dedan anasema ni mstari mmoja tu unaandika. Haliwezi kukaa kwa dikoda na kwa mtoto, siku mtu akiita, nani aitikie? Iite Dikoda, ndilo jina ililokuja nalo. Na lile la Anita lisitupwe, masista walimpa kwa upendo. Ataitwa Anita Gathoni, na nimekwisha kumwambia kila mtu, kwa hivyo msinibadilishie.

Nimewaambia pia kwamba anamaliza hadithi za fisi mwenyewe na hajafika miaka minne. Dedan akasema watoto wengi hufanya hivyo. Nikamwambia anitajie wawili.

Theuri amepata ruhusa, atakuja kumbatiza. Amesema kwa simu kwamba kanisa halina neno juu ya mbuzi, mradi aliwe baada ya misa. Wazazi wa Mwende wanatoka Machakos. Waambie wasihangaike na chakula, lakini maembe siwezi kuyakataa. Tabby ameomba kupika chapati. Nilimwacha aombe mara ya pili ndipo nikakubali. Mwende asibebe kitu ila mtoto. Namtaka akae kando yangu mbele ya watu wote, na atakayeuliza swali aniulize mimi.

Mbuzi amefungwa nyuma ya zizi. Baba yako ameanza kumpelekea viazi vitamu na kuongea naye jioni, na mimi namjua mume wangu, mkichelewa atakataa achinjwe. Kwa hivyo msichelewe.

Mama yako,
shosho wa Gathoni,
anayewangoja nyote Jumamosi, tarehe kumi na tatu Desemba.